Chekeche la Bi Mize

Mkokoteni ulikuwa umeshashika njia, juu yake sanduku la Tunu, godoro, na maikrowevu iliyofungwa kanga. Mama mkwe, Bi Mize, alisimama mlangoni akichunga unga kana kwamba hakuna anayeondoka.

"Nenda na jini lako hilo," alisema, akiionyesha maikrowevu kwa kidole. "Mjukuu wangu sitaki aungulie tumboni."

Tunu, tumbo mbele, akageuka.

"Kaka, hiyo irudishe ndani kidogo," akamwambia mchukuzi.

Jikoni aliichomeka kwenye umeme, akatia kikombe cha maji, akaiwasha.

"Mama, tazama wavu huu kwenye kioo. Mchele unapita kwenye chekeche lako?"

"Upite wapi? Unga ndio unaopita."

"Basi mwanga ndio unga, ndiyo maana unaona ndani. Huo moto wake ni mchele. Haupiti."

Akavuta mlango ghafla, mngurumo ukakatika.

"Na ukifungua tu, moto umekufa."

Bi Mize aliliangalia tumbo la mkwewe, kisha akauingiza mkono wake mwenyewe. Kuta zilikuwa za baridi. Akagusa kikombe, akaruka.

"Mwana wa watu, unataka kuniua!"

"Maji ndiyo yaliyopikwa, mama. Si wewe."

Mchukuzi alikunywa chai ya maji yale, akaondoka na mkokoteni mtupu. Mume wa Tunu, aliyejifungia chooni tangu asubuhi, alitoka. Mtoto alizaliwa mzima. Bi Mize alipasha uji humo mpaka mwisho wa siku zake, ila kila alipochungulia kiooni, aliweka chekeche usoni kwanza.