Milango Miwili ya Sisimizi

Sisimizi wana desturi: kila alfajiri hutoa maiti na takataka zao kwa mlango wa nyuma. Kunguru, mpenda jalala, alishinda hapo, kisha akawatangazia wanyama wengine, "Leo tena nimeona maiti kwa Sisimizi!"

"Masikini, wanakwisha," Kanga akalia. Nyani akabeba unga wa matanga, wakaongozana na Kunguru. Kwenye mlango wa mbele wakakuta ngoma, bibi harusi na watoto tele.

"Poleni," Nyani akasema kwa aibu.

"Tumeshapoa. Karibuni harusini," akajibu Bibi Sisimizi, mzee wa nyumba. "Ni kweli leo tumefiwa pia. Kunguru hakusema uongo."

Akamgeukia Kunguru. "Lakini mwanangu, nyumba yetu ina milango miwili. Mbona siku zote nakuona kwenye ule wenye chakula chako?"