Bonde Lisilo na Watu

Nasemba alikuwa mkalimani kwenye mkutano wa taka za plastiki, ndani ya kibanda cha kioo juu ya ukumbi. Waziri mmoja akasema, "Taka tutazipeleka bondeni. Kule hakuna watu."

Akaitafsiri kauli hiyo bila kupunguza neno. Kisha ulimi ukakataa kutulia.

"Mimi mkalimani nimezaliwa bondeni. Tuko elfu nne, tuna lugha yetu, na hakuna aliyetuuliza."

Mkalimani mwenzake kibandani akanyoosha mkono kuzima kipaza sauti. "Dada, utafukuzwa kazi!" Lakini alipotazama chini, mkono ukabaki hewani.

Wajumbe mia tatu walikuwa wamegeuka, nyuso juu, kila mmoja amebana visikilizi masikioni kwa mikono miwili, wakingoja aendelee.