Mlezi wa Samaki

Siku hizi sheria ni moja: anayekulisha ndiye mlezi wako. Tunu aliijua vizuri, lakini samaki ni samaki tu, na masomo ya jioni hayamngojei mtu. Akaijaza mashine ya kulishia samaki chakula kikavu, akaibandika juu ya tangi, akaitegea saa ya magharibi. Alipoijaribu ikazunguka, chembe zikadondoka, samaki wakazirukia.

"Umeona, mama? Kwisha kazi!"

Mama mkwe wake akacheka. "Haya, umejiletea mke mwenza."

"Mwenza wa samaki tu, mama. Hao namwachia."

Kwenye kioo cha mlangoni, penye orodha ya walezi wa nyumba, jina la Tunu likafutika upande wa samaki, likaingia la mashine. Tunu hakujali. Akatwaa mkoba, moyo mweupe. Mwaka huu angefaulu tu. Alipoinama kumbusu bintiye Nasra, mashine ikauliza kwa upole, "Na mtoto hula saa ngapi?"

Kicheko cha mama mkwe kikakatika.

"Mtoto ana mama yake!" Tunu akajibu upesi.

Lakini Nasra alikwisha kumponyoka, akalifikia tangi, akainua uso na kuifumbulia mashine kinywa.