Kipande cha Ukuta

Kwa mara ya nne muuza bastola alimpangia Bi Zamoyoni risasi mezani. "Hii ya milimita tisa inakutosha, mama."

Mteja mwingine akadakia, "Haitoshi! Jambazi humwangushi kwa hiyo. Achukue kubwa."

Wakaanza kubishana upya, utadhani bastola wataibeba wao.

Uvumilivu ukamwisha Bi Zamoyoni. Akatoa kikapuni kipande cha silingibodi, ule ubao laini wa dari, akakibwaga juu ya risasi zao.

"Huu ndio ukuta wa chumba changu. Nimeukata kwa kisu cha jikoni! Nyuma yake wanalala wajukuu zangu. Haya, risasi ipi haipiti hapa?"

Muuzaji akakigeuza kile kipande. Upande wa pili kulikuwa na mistari ya penseli ya kuwapimia watoto kimo, kila mstari na jina lake.