Kimemo cha Tatu

"Swali la kunishinda mimi bado liko tumboni mwa mama yake," alipenda kusema, na wizarani hakuna aliyembishia. Walimwita Kimemo. Miaka tisa alikaa kwenye benchi la maofisa, nyuma ya waziri, na kila mbunge alipouliza swali la nyongeza, kikaratasi kilichomoka mkononi mwake, kikapita kwa mkurugenzi, kikatua kwa waziri, na waziri akajibu kama vile jambo lenyewe alizaliwa nalo.

Leo alikuja bungeni kupeleka faili tu. Dakika kumi, alimwahidi mama mkwe, kisha waendelee na safari yao ya kwa daktari wa magoti. Mama alikuwa amejinyoosha nyuma ya gari kama malkia, mkoba wake ameutundika kwenye kulabu ya darini.

"Gari lako lina nafasi, baba," alimsifu. "Ila linanuka dawa."

"Dawa ya mbu, mama."

"Mbu wenu wana makuu! Na hili joto? Feni inawashwa wapi?"

"Dakika kumi tu, mama. Vitufe vya mbele usiviguse, vina hitilafu."

Siku nyingine Kimemo angeegesha mtaa wa tatu na kuja kwa miguu. Leo, kwa heshima ya goti, aliegesha chini kabisa ya madirisha ya ukumbi.

Ndani mambo yakageuka. Mbunge mwenye swali la saa nne hakutokea, likavutwa swali la wiki ijayo, na Kimemo akaamriwa kukaa kwenye benchi lake. Mwenye swali hilo alikuwa mbunge mwingine, mwalimu mstaafu, mama mfupi aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba ya kiatu.

"Mheshimiwa Spika, gari la wagonjwa la kituo chetu cha afya liko wapi?"

Waziri akasoma jibu ambalo Kimemo aliliandika mwezi uliopita: gari lipo kituoni, linahudumia wananchi usiku na mchana.

Mwalimu hakukaa. "Nimetoka kituoni jana. Nimekuta banda la gari, na ndani yake kuku."

Ukumbi ukaangua kicheko. Waziri akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Kimemo akaandika haraka, kikaratasi kikapita.

"Gari liko gereji," waziri akasema, "kwa matengenezo ya kawaida."

"Tangu lini? Wiki iliyopita tumembeba mama mwenye uchungu juu ya mlango tuliong'oa shuleni. Kilomita kumi na nne, wanaume wakipokezana. Mama alifika. Mtoto hakufika." Akavaa miwani. "Gereji ipi, mheshimiwa? Nitaenda mwenyewe, leo hii."

Hakuna aliyecheka. Mkono wa waziri ukarudi nyuma, vidole vikichezacheza hewani.

Kimemo alishika kalamu, kalamu ikakataa kushika karatasi. Jasho lilimshuka mgongoni kama mtu aliyemwagiwa ndoo. Macho yalimkimbilia dirishani, yakarudi, yakakimbia tena. Akamwinamia mkurugenzi.

"Bosi, nitoke mara moja. Nimemwacha mama mkwe kwenye gari, juani."

"Andika."

"Ni mtu mzima, bosi. Ana presha."

"Mwenye presha ni waziri. Andika!"

"Dakika moja tu. Nisogeze gari kivulini, nirudi."

"Si wewe ndiye ambaye swali la kukushinda bado liko tumboni mwa mama yake? Basi limezaliwa. Lilee."

Kimemo akaandika jina la gereji, akalifuta. Mwalimu yule angeenda kweli. Akaandika kwamba gari liko njiani, akafuta hilo nalo. Karatasi ikatoboka. Midomo ilimkauka, machozi yakamlengalenga. Aliyemwona angeapa kwamba chini ya jua hili hajapata kuishi mwanamume anayempenda mama mkwe kiasi kile.

Mwishowe akaacha kalamu, akainuka, akaanza kunyata kuelekea mlangoni. Hatua tano zilimtosha kufika njia ya katikati. Hapo Spika naye akasimama.

Na Spika akisimama, ukumbini mule hakitikisiki kiumbe. Anayetembea anaganda, anayekohoa anameza kikohozi chake. Kimemo akaganda palepale, mguu mmoja mbele, watu mia tatu wakimtazama kama sanamu iliyoletwa kuzinduliwa.

"Hatuendi kwenye jambo jingine," Spika akasema. "Nitasimama hapa mpaka Serikali iniambie gari hilo liko wapi. Na ninataka kimya."

Kimya kikashuka. Zilisikika feni za darini tu, na kiti cha waziri kikilialia chini yake. Mwalimu alikuwa bado wima, mikono ameifumbata kifuani, anangoja. Kimemo alimtazama mara moja tu, akashindwa kumtazama tena. Akafumba macho. Mama, aliomba moyoni, vumilia joto. Mama yangu, vumilia kidogo tu.

Chini ya madirisha kikapasuka king'ora cha gari la wagonjwa.

Kililia mpaka vioo vikatetemeka. Vichwa vyote viligeuka nje, isipokuwa kimoja. Mlango ukafunguka, akaingia askari wa lango, kofia mkononi, akilazimika kupaza sauti.

"Samahani, Mheshimiwa Spika! Kuna mama mzee hapo nje, anasema alikuwa anatafuta feni. Anaomba mkwewe, yule pale aliyesimama, aje amzimie gari lake."