Vidole Sita kwa Saa

Mto ulipofurika, watu walisukumana kulikimbilia daraja la mbao, na Makame akahofia mama yake mgonjwa angekanyagwa. Mwalimu Kidawa alikuwa amepiga magoti ukingoni, akipima nguzo ya daraja kwa vidole.

"Maji yamepanda vidole vitatu kwa nusu saa," alisema kwa sauti. "Kwa saa moja ni sita. Vimebaki kumi na viwili yafike kwenye mbao. Yakienda hivi hivi, tuna saa mbili, jamani. Wagonjwa watangulie!"

Watu wakapisha njia. Makame alimbeba mama yake mgongoni, akavuka taratibu, moyo umetulia.

"Mwalimu yuko wapi?" mama aliuliza.

Makame aligeuka. Kidawa alikuwa akirudi mtaani, viatu mkononi, akigonga mlango mmoja mmoja.