Taa ya Mlangoni

Siku hizi kila mlango una taa, na mtu akivuta pampu ya pumu ndani, inawaka nyekundu ili majirani wajihadhari, ingawa pumu haijapata kumwambukiza mtu. Bi Shufaa, mjane wa ghorofa ya nne, alichoka kupeleka futari kwa jirani na kurudishiwa sahani vilevile, kawa halijafunuliwa. Ramadhani hii akaifunga pampu yake kwenye pindo la kanga, akaacha kuvuta.

Siku ya kumi, baada ya magharibi, Mwanakombo, jirani wa mlango wa pili, akabisha hodi na bakuli la tambi.

“Shoga, umepona! Si nilikwambia hiyo pampu ndiyo inayokudhoofisha? Ukiizoea huiachi.”

Akakaa mkekani, akala kaimati, akaangua kicheko. Miaka mitatu nyumba ile haikusikia kicheko cha mgeni.

Kifua cha Bi Shufaa kilikuwa kikipiga mluzi. Aliitikia kwa kichwa tu, huku vidole vyake vikilipapasa fundo la kanga.

“Mbona kimya? Umechoka, niende zangu?”

Bi Shufaa akaliachia fundo. Akakusanya pumzi zote alizobakiwa nazo, zikatosha neno moja.

“Kaa.”